Nilivimba, Nikapongezwa

Nilipovimba, nilipiga picha. Huo ndio ujinga wangu, na nautanguliza mwenyewe ili mwenye haraka ya kucheka acheke sasa, kisha tuendelee na habari.

Ilikuwa 2016, baridi inaisha, wiki chache baada ya kumzaa binti yangu Rebeka. Miguu ilikuwa imejaa hadi vifundo havionekani. Macho yalikuwa yamebanwa na mashavu. Pete ya ndoa haikutoka hata kwa sabuni. Basi nikavaa kitenge kipya nilichojishonea, nikakaa karibu na dirisha penye mwanga, nikamwambia mume wangu, Fidèle, apige picha za kutosha, za mbele na za ubavuni, azitume Bukavu. Akazituma. Nyumbani wakashangilia. Mama mkwe alirudisha ujumbe wa sauti, mwanzo vigelegele vitupu, halafu: "Sasa nimeamini mwanangu ni mwanaume. Tazameni mashavu!"

Asiye wa kwetu huenda asielewe. Kwetu mwanamke akijifungua haguswi na kazi. Anawekwa ndani, anakandwa kwa maji ya moto, anapewa uji, mchuzi, sombe, yaani kisamvu, yenye mawese, na samaki wakavu wa chumvi tunaowaita makayabo, tena na tena, ili maziwa yatoke. Siku ya kutoka nje watu hawamtazami mtoto kwanza. Wanamtazama mama mashavu. Akitoka amenenepa, mume anapewa mkono. Akitoka amekonda, ukoo mzima wa mume unatazama chini. Fidèle ni kinyozi, mtu mpole, na ndugu zake wengi hawajawahi kufika Johannesburg kuona anavyoishi. Hiyo ilikuwa nafasi yake ya kuonyesha. Akanilisha makayabo kama mtu anayejaza gunia. Baadaye daktari aliponiuliza nilikuwa nakula nini nami nikamweleza, alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akaniomba nirudie.

Na mimi sikusaidia. Mimi ni mtu wa ndani kwa asili. Wenzangu wanasema wamehamia Johannesburg. Mimi nimehamia chumba kimoja cha ghorofa la zamani huko Berea, na ningeweza kukaa humo mwaka mzima nikishona nguo za watu bila kujua kama nje kunanyesha. Nilimaliza sekondari, nikajifunza cherehani, na tangu hapo safari yangu kubwa ni kutoka kwenye kiti cha cherehani kwenda kwenye kiti cha kupumzikia. Kwa hiyo pumzi ilipoanza kukatika nikienda jikoni tu, nilijiambia huu ni uvivu sasa umekomaa. Niliposhindwa kulala chali, nikawa nalala nimekaa na mito mgongoni, nilisema ni mtoto ananizoesha kukesha. Kikohozi nikakisingizia vumbi, maana kabla mvua hazijaanza vumbi la Johannesburg linaingia hadi ndani ya chai.

Aliyenishtukia hakuwa ndugu. Fleti yetu ni ya kugawana: sebule imekatwa kwa mbao, kila chumba na familia yake, choo kimoja, jiko moja. Nyuma ya ukuta wetu wa mbao anaishi Mzee Gervais, Mrundi, mlinzi wa usiku ambaye hulala mchana. Mtu anayelala mchana anasikia ya jirani kuliko anavyopenda. Asubuhi moja akitoka kazini alinikuta nimekaa kwenye ngazi, Rebeka mikononi. Lifti yetu ilikufa kabla hatujahamia. Nilikuwa nimeshuka kwenye spaza, kiduka cha chini, kununua mkate, na kupanda kukanishinda.

"Mama Rebeka, hapo watu wanapita," alisema.

Nilitaka kumjibu kwa kejeli, kama kawaida yetu. Maneno yalikuwepo, pumzi ya kuyasukuma haikuwepo. Akanitazama vizuri. Akaweka chini kopo lake la chakula, akamchukua mtoto, akapanda mbio akimwita Fidèle. Walivyonishusha wale wawili, mmoja kwapani mwingine magotini, nilimsikia Mzee Gervais akihema: "Fidèle, uzito huu wote ni samaki kweli?"

Haukuwa samaki.

Sitaeleza ugonjwa kwa lugha ya vitabu. Wanaojua wapo, na mimi nilielewa nusu. Nilichoshika ni kwamba kuna wanawake ambao moyo wao, mwishoni mwa mimba au miezi ya kwanza baada ya kuzaa, unalegea na kupanuka na kushindwa kusukuma damu sawasawa. Kwa nini, hata madaktari hawana jibu kamili. Moyo ukishindwa, maji yanabaki nyuma, yanajaa miguuni na mapafuni. "Yale si mafuta, mama," daktari aliniambia, mwanamke kijana mwenye sauti ya polepole. "Ni maji." Nikalia. Fidèle alinishika mkono akidhani naulilia moyo. Nilikuwa nazililia picha.

Nililazwa jakaranda zikichanua. Dirisha la wodi lilionyesha mti mmoja na nusu ya ukuta, na kila asubuhi chini ya mti kulikuwa na zulia la zambarau ambalo mfagizi alilifagia huku akiongea na simu. Nilimpenda yule mfagizi kwa sababu hakuwahi kumaliza. Mimi nilipewa vidonge vya kutoa maji, na maji yakatoka, jamani, sijui yalikuwa yamejificha wapi. Nikapewa na dawa nyingine ambazo ziliyakausha maziwa. Daktari alisema moyo wangu hauwezi kazi mbili. Nilijifunga kifua kwa kipande cha kanga kwa sababu ya maumivu, na Rebeka alipoletwa kuniona aligeuza uso akitafuta alichokizoea, akasikia harufu, hakukipata, akanitazama kama mteja aliyekuta duka limefungwa.

Niliporudi nyumbani vidonge vya maji vilikutana na choo cha watu wote. Dawa ile haijui foleni. Siku za kwanza nilikuwa nagonga mlango nikilia kwa aibu. Baadaye fleti nzima ikazoea, mtu akisikia hatua zangu anapaza sauti, "Mpisheni, ametumwa!" Siku moja nikakuta kiti kimewekwa ukutani kando ya mlango wa choo, nipumzike nikisubiri. Hadi leo hakuna aliyekiri kukiweka.

Sasa maji yalipotoka nikabaki mimi, na mimi sikuwa mwingi. Shingo ikachongoka, mikono ikawa kama mipini ya mwiko, vitenge nilivyojishonea vikanizunguka mara mbili. Hapo ndipo watu walipoogopa. Akina mama wa kanisani walikuja wakakaa kwenye ukingo wa kitanda, wakaimba kwa sauti ya chini ile ya misiba tunayoijua sote. Mmoja aliuliza kama kuna mtu nilikosana naye. Nilipokuwa nakufa walinipongeza, nilipokuwa napona walinililia. Nilijaribu kuwaeleza, wakanifuta jasho wakisema nisijichoshe.

Na katika majira hayohayo ndipo mtoto wangu alipoondoka. Nilikuwa nimekatazwa kunyanyua kitu kizito, na Rebeka, kinyume na mama yake, alikuwa akinenepa kwa haki. Fidèle yuko saluni kutwa. Basi akaja Odette, dada yake mkubwa, kutoka Malvern, ambako anauza vitenge kwenye kibanda cha Jules Street. Odette ana wana wawili, wote wako Cape Town kwenye kazi za ulinzi, wanapiga simu Krismasi. Alikuja na begi tupu, na sikuuliza ni la nini.

"Nitamchukua mpaka moyo wako upone," alisema.

"Aksanti, wifi," nikasema, na nilimaanisha. Nilikuwa siwezi kubeba hata sufuria yenye maji.

Mpaka moyo upone. Sote tuliitika kwa kichwa. Hakuna aliyeuliza moyo uliopona unatambulikaje.

Kiangazi cha mvua za alasiri kikapita nikiwa mtu wa kliniki. Mwenye kufuata njia hii ajue: utasubiri. Tulikaa kwenye mabenchi marefu, na wa mbele akiitwa, wote tunasogea kwa makalio, kwa hiyo asubuhi unaanza mlangoni na mchana umeshasafiri ukumbi mzima bila kusimama. Kwa mtu kama mimi ni usafiri bora kuliko wote. Hapo nilikaa karibu na mama mmoja wa Soweto, ambaye alikuwa na ugonjwa huuhuu, wa zamani kidogo kuliko wangu. Aliweka vidonge vyake ndani ya kopo la peremende. Aliniuliza mtoto yuko wapi. Nikamwambia. Akasema kwa Kiingereza chetu cha hapa, eish, usilie, mtoto hasahau. Kisha akafikiri, akaongeza kwamba wake alimsahau kidogo, lakini akakumbuka. Hilo neno kidogo lilinisumbua wiki nzima.

Kila Jumapili baada ya ibada tulikwenda Malvern. Rebeka alianza kukaa, akaanza kutambaa, akaota meno, na yote hayo niliyapata kama habari za redio, yakiwa yameshatokea. Odette alikuwa mlezi mzuri, na hilo ndilo lililouma zaidi. Angekuwa mbaya ningekuwa na la kusema. Mtoto alikuwa msafi, ananukia mafuta, amesukwa vinywele vyake vitatu kwa ustadi. Nilikuwa nampakata nikiwa nimekaa, mto chini ya mkono, na Odette amesimama karibu mikono ikiwa tayari, kama mtu aliyemwazima mwenzake kikombe cha udongo.

Majani yalipoanza kugeuka rangi, yule daktari wa sauti ya polepole aliniuliza kama ningekubali kushiriki utafiti. Akanitambulisha kwa mtafiti, daktari kijana mrefu ambaye suruali yake haikuwahi kufika kwenye viatu. Fundi nguo huona mambo hayo kabla ya sura. Alinieleza kwa uvumilivu. Nyama ya moyo, alisema, ni nyuzinyuzi, na hazikulala ovyo. Zimezunguka kwa mpangilio, za ndani zikielekea huku na za nje zikielekea kule, na moyo ukijibana ni kama mtu anayekamua kitambaa. Maji yaliyomo ndani ya nyama hiyo hayatulii, yanatikisika wakati wote, na yanapita kirahisi zaidi kufuata nyuzi kuliko kuzikata. Wana mashine ya MRI, ile kubwa ya sumaku, inayoweza kufuatilia maji hayo. Wakijua maji yanatembeaje, wanajua nyuzi zimelalaje, bila kisu na bila sindano. Wanataka kuona nyuzi za moyo wa mwanamke aliyeugua kama mimi, mara mbili, sasa na baada ya miezi.

"Lakini mashine hii haitakutibu," alisema. "Wala haitasema kama umepona. Sisi bado tunajifunza kuzisoma picha zake. Mambo ya kupona ni ya daktari wako wa kliniki."

Nilisikia yote isipokuwa hayo maneno ya mwisho. Maji nilikuwa nayachukia tangu jakaranda. Kusikia kwamba sasa yatafanya kazi ya maana kulinifurahisha mno. Nikarudi nyumbani nikamwambia Fidèle kuna mashine itakayoutazama moyo wangu uzi kwa uzi. Fidèle akamwambia Odette. Jumapili nilipofika Malvern, Odette alikuwa ameshapitisha uamuzi.

"Basi ni vizuri," alisema akimpangusa Rebeka pua. "Mashine itasema. Ikisema umepona, mtoto wako huyu hapa."

Nami, mjinga wa picha, nikakubali.

Siku ya mashine waliniambia niondoe chuma chote mwilini. Nikavua pete (sasa ilidondoka yenyewe), hereni, sidiria. Nikawaambia niko tayari. Dada wa mashine, mwanamke wa makamo mwenye mzaha, akanipitishia kifaa kichwani, kikalia. Akaingiza vidole kwenye rasta zangu akatoa sindano. Kifaa kikalia tena. Akatoa pini. Mafundi wenzangu wananielewa: mkono ukiwa na kazi, sindano inachomekwa popote palipo karibu, na kichwa kiko karibu.

"Mama, umekuja kupigwa picha au kushona mapazia?" aliuliza. "Kuna nyingine?"

"Sijui," nilisema kwa ukweli wote. Akazifumua rasta zote.

Chumba kilikuwa baridi. Walinibandika vinata kifuani ili mashine isikilize mapigo, wakaniwekea kitu kama ngao juu ya kifua, vipokea sauti masikioni, nikasukumwa tunduni. Watu wengi wanaliogopa lile tundu. Mimi nilijisikia nyumbani. Ni pembamba, hakuna mgeni anayeweza kuingia, na umeagizwa usitikisike. Ungeniletea chai ningehamia. Kulala bila kutikisika nimekufanyia mazoezi tangu utoto. Tabu ilikuwa pumzi. Sauti inasema vuta, toa, shika, na mashine inaanza kugonga kama mafundi bati juu ya paa, nawe umeishika pumzi, na kifua changu kilichokuwa kikikosa hewa kwenye ngazi sasa kinaombwa kikae bila hewa kwa hiari. Mara za kwanza nilishindwa, picha zikaharibika. Dada wa mashine aliniambia masikioni, "Polepole, mama, hatuna basi la kuwahi." Nikamfikiria Rebeka anavyoshika pumzi akiogeshwa uso. Nikashika.

Mtafiti alinionyesha baadaye kwenye skrini. Sikutegemea uzuri. Vijiti vidogo visivyo na idadi, vyekundu, vya bluu, vya kijani, vikizunguka kwa mduara kama mkeka unaosukwa kuanzia katikati. Nilikaa na ule moyo miaka yote bila kujua kwamba ndani kuna kazi ya mikono ya namna hiyo.

Baridi ikaingia. Kliniki walinipima tena kwa ile ultrasound ya kawaida ya moyo, na daktari wangu akatabasamu kabla hajasema. Moyo unasukuma karibu kama wa watu wengine. Naweza kupanda ngazi, taratibu. Naweza kumbeba mtoto. Vidonge niendelee navyo, na habari za mimba nyingine tusiziguse bila kukaa naye kwanza. Nilitoka pale nikitembea katikati ya njia kama mwenye mji.

"Daktari wa kliniki ni wa kliniki," Odette alisema. "Tulikubaliana mashine."

"Wifi, amesema nasukuma karibu kama watu."

"Karibu," akarudia. "Weye utaanguka naye kwenye zile ngazi kwa hiyo karibu."

Na Rebeka, aliyekuwa ameshikilia sketi ya shangazi yake akijifunza kusimama, akainua uso akasema, kwa mara ya kwanza mbele yangu, "Mama." Alikuwa akimwambia Odette. Odette aliona haya kweli. "Si mimi niliyemfundisha," alisema haraka. "Anasikia watoto wa jirani." Nikasema haina neno. Niliingia jikoni nikaosha vyombo vilivyokuwa visafi.

Jioni hiyo nilimshukia Fidèle kwa maneno. Alisema dada yake amelea bure, amekesha, hatuwezi kumfuata mtoto kama tunafuata viatu kwa fundi. Nikamwambia kama dada yake ni bora hivyo amuoe. Alichukua koti akatoka. Akarudi na mfuko wa machenza, akakaa, akayamenya yote moja baada ya jingine, akanipa mimi vipande na yeye akabaki na maganda. Halafu akasema, "Naogopa, Mama Rebeka. Siku ile kwenye ngazi nilikushika miguu. Ilikuwa baridi." Kumbe na yeye alikuwa akiingoja mashine. Mwaka mzima nilidhani ninaumwa peke yangu.

Kama wewe unayesoma uko katika hali hiyo sasa, nikwambie ninayoyajua leo, 2019, nikiwa nimekaa kwenye cherehani yangu nikiwa mzima wa kutosha kuchosha watu. Umezaa juzi, unavimba, unalala umekaa, unakohoa, usishukuru. Nenda. Ukilishwa chumvi kwa mapenzi, kataa kwa mapenzi. Waliokuzunguka wakiwa wakali, huenda ni woga umevaa nguo ya ukali. Na usimpe mtu yeyote ahadi inayotegemea mashine kabla hujamuuliza mwenye mashine inafanya nini.

Mimi niliuliza kwa kuchelewa, mvua za kwanza zikinukia, siku ya picha ya pili. Safari hii nilikuja nimefumua rasta nyumbani. Nilishika pumzi kila nilipoambiwa. Nikavaa, nikamfuata mtafiti wa suruali fupi, nikamwuliza: nimepona?

Akaonekana kusikitika. Akaniwekea picha mbili pamoja, ya majani makavu na ya sasa. Mikeka miwili. Nilikodoa macho nikitafuta palipofumuka na palipozibwa, sikuona. "Kuna tofauti ndogo tunazozihesabu kwa kompyuta," alisema, "lakini nikikuambia zina maana gani kwako wewe mmoja, nitakuwa nakudanganya. Tunahitaji mioyo mingi." Kisha, kwa kuwa nilikuwa nimesimama tu, akanichapia ile ya pili kwenye karatasi, ya rangi, nikae nayo.

Niliipeleka Malvern peke yangu. Sikumwambia Fidèle. Njiani nilikuwa nimeshapanga uongo wangu vizuri: ningemwonyesha Odette zile rangi, ningesema nyekundu ni afya. Nani angebisha? Nilimkuta kibandani kati ya vitambaa vyake, Rebeka amekaa juu ya robota la vitenge akitafuna kirungu cha plastiki. Odette alichukua karatasi, akaielekeza kwenye mwanga kama anavyokagua kitambaa kama kina kasoro.

"Ndiyo moyo wako huu?"

"Ndiyo wenyewe."

"Ni mzuri," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Inasema nini?"

Uongo ulikuwa mdomoni, umeshavaa viatu. Lakini alikuwa ameishika ile karatasi kwa mikono miwili, nami nikaona kwamba lolote nitakalosema ataamini.

"Haisemi kitu, wifi. Hawajui kuisoma bado. Waliniambia tangu mwanzo, mimi sikusikia."

"Kwa hiyo mwaka wote huu tumengoja kitu kisichosema?"

"Daktari wa kliniki ndiye amesema. Alisema tangu baridi."

Odette akakunja karatasi, akanirudishia. Akachukua kitenge, akamnyanyua Rebeka, akaniambia, "Inama." Nikainama. Akamweka mtoto mgongoni mwangu, akafunga kitenge mwenyewe, akakaza fundo kana kwamba anafunga mzigo wa kwenda mbali. "Tembea," alisema. "Mpaka kwenye robot ile ya mbali, na kurudi."

Nikatembea Jules Street mchana kweupe na mtoto mgongoni, nikipita wauza viatu, vinyozi na mama wa mahindi ya kuchoma. Odette alinifuata hatua chache nyuma, kibanda amekiacha wazi. Sikugeuka. Nilijua anachofanya: alikuwa akisikiliza pumzi yangu, kama fundi anayesikiliza injini ya gari aliloambiwa ni zima. Rebeka alilalamika mwanzo, kisha akalaza shavu kati ya mabega yangu. Lilikuwa la moto. Kwenye robot, ndivyo tunavyoziita hapa taa za barabarani, nilingoja nyekundu ipite hata kama sikuwa navuka, ili kumpa Odette nafasi ya kusikia vizuri. Kisha nikageuza.

Tulipofika kibandani alikuwa akilia, na alikuwa anacheka pia, kwa hasira. "Unahema kama mimi," alisema. "Na mimi ni mzima, ni mnene tu." Akaanza kukusanya nguo za mtoto, moja moja, akiikunja kila moja na kuikunja tena. Nikamwambia kila Jumapili, wifi, na siku za wiki ukitaka, chumba ni chetu sote. Akasema asije kukuta nimemsuka vibaya.

Nikapanda ngazi zetu za Berea na Rebeka mgongoni, nikipumzika kila niliposikia haja, bila kuona aibu. Nikafika. Nikamshusha katikati ya chumba. Akatazama cherehani, kitanda, ukuta wa mbao. Akatazama mlango. Kisha akafungua mdomo akalia, kwa nguvu za mtoto aliyelelewa vizuri, na neno alilolilia lilikuwa mama, mama, mama, akiunyooshea mlango mkono. Nilijua anamwita nani. Nikabaki nimesimama, mikono ikiwa nusu imenyooka, nikiogopa kumgusa asije akalia zaidi, mchana ule wa jua, kwa muda ambao hata sikuupima.

Mlango ukafunguka bila hodi. Alikuwa Mzee Gervais, fulana ya kulalia, alama za mto shavuni. Alimtazama mtoto, akanitazama mimi, akasema:

"Mama Rebeka, mtoto anaita mama tangu saa ile, na wewe umesimama hapo kama umekuja kusoma mita ya umeme. Itika, watu tulale."